Kitambi cha Fundi Fidelis

Fundi Fidelis alikuwa na tabia ya kumpima mtu kwa macho kabla hajamsogezea futi. Mteja akiingia tu kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Morogoro Mjini, yeye alikuwa ameshamaliza hesabu: kiuno hiki, nyonga hizi, mgongo huu umepinda, mabega haya ni ya mtu asiyeinua hata ndoo ya maji. Na aliyoyaona hakuyaweka moyoni. Wembamba aliwaita vijiti vya mishikaki. Wanene aliwaita magunia. Mjamzito alimuuliza kama gauni ni la mmoja au la wawili. Watu walicheka kwa sababu alishona vizuri. Angekuwa anashona vibaya, wangeshamvunja meno siku nyingi.

Mwili wake mwenyewe ndio hakuwahi kuupima. Kila mwaka alipokata suruali mpya aliongeza vidole viwili kiunoni, hakumwambia mtu, na miaka ishirini ya vidole viwiliviwili ilikuwa imemletea kitambi kilichoshuka mpaka juu ya mapaja kama mfuko wa unga uliolegea. Mizani ya kliniki ilisema kilo mia moja na kumi na nane. Fidelis akasema mizani ile ni mbovu, na nesi aliyemsimamisha pale ni mbovu zaidi. Sukari aligundulika nayo miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia. Alipewa vidonge. Siku aliyojisikia vibaya alivimeza, siku aliyojisikia vizuri alivisahau juu ya kabati, na kliniki ya kila mwezi aliiita kikao cha wasio na kazi.

Muwasho ulianza mwezi wa kumi na moja, wakati ule joto la Morogoro linapokaa juu ya mabati na mvua haitaki kushuka kutoka mlimani. Ulianzia chini ya kitambi, pale ngozi inapolalia ngozi, ukateremka kwenye mikunjo ya mapaja. Fidelis alijikuna kupitia mfukoni. Alikuwa anavaa suruali ya tetroni, maana tetroni hushika mstari wa pasi tangu asubuhi mpaka jioni, na ndani alivaa chupi ya nailoni inayobana. Alijiona nadhifu. Fangasi, kwa maelezo yake, ni ugonjwa wa watu wachafu, wasiofua, wanaolala na viatu. Yeye alioga mara mbili kwa siku. Kwa hiyo hii haikuwa fangasi. Ilikuwa joto.

Joto akalitibu anavyojua mwenyewe. Alijisugua kwa brashi ya kufulia na sabuni ya mche mpaka ngozi ikawa kama nyama ya buchani. Kisha akajipaka spiriti, na mkewe Kristina, aliyekuwa uani anachambua mchicha, akasikia sauti kutoka bafuni ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ya mazishi ya mkwewe.

"Baba Glory, kuna nini humo?"

"Hakuna kitu. Nimejikwaa."

"Umejikwaa umesimama?"

Siku ya pili yake alienda kwa Luqmani, mwenye duka la dawa mtaa wa pili, akamwambia kuna jamaa yake mmoja anawashwa. Luqmani alimtazama jamaa huyo kuanzia kitambi mpaka magoti, akatoa tyubu moja yenye maandishi mengi.

"Mwambie jamaa yako hii inamaliza kila kitu. Imechanganywa dawa tatu humu ndani."

Na kweli, siku nne za kwanza ilikuwa kama ngozi imemwagiwa maji baridi. Fidelis akatembea mjini kifua mbele, akawacheka wanaopanga foleni hospitalini tangu alfajiri kwa kitu ambacho tyubu moja inakimaliza. Siku ya saba muwasho ukarudi na ndugu zake wote. Wekundu ulikuwa umepanuka, pembeni vipele vidogovidogo vimetawanyika, na katikati ngozi imelowa, inateleza. Akanunua tyubu ya pili. Akaongeza poda ya watoto, akaimwaga mkono mzima. Ikichanganyika na jasho, poda ile iligeuka uji, uji ukaganda kwenye mikunjo, na kila alipopiga hatua ukawa unamparuza kama msasa. Ndipo harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya chachu, ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa chini ya beseni. Fidelis aliisikia, akamlaumu jirani yake muuza dagaa.

Wakati huo alikuwa ameshika kazi kubwa. Kulikuwa na harusi Kihonda, na kamati ya sare ilimpa magauni thelathini ya akina mama. Mmoja wa akina mama hao alikuwa Chausiku, muuza maharage na mchele sokoni, mwanamke wa umri kama wake, mnene kweli kweli, asiyeomba radhi kwa unene wake. Siku ya kuchukua vipimo, mbele ya wenzake kumi na mmoja, Fidelis alimzungushia futi, akasema futi imegoma, leteni ile kamba ya kufungia ng'ombe. Wenzake walicheka. Chausiku hakucheka wala hakununa. Alingoja wamalize, akamwambia, "Andika namba, fundi." Basi.

Siku ya kujaribisha, Chausiku alikuja peke yake, saa nane mchana, jua likiwa kali. Fidelis ilimbidi apige magoti kubana pindo kwa pini. Alishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikoshindikana. Alipojaribu kujiinua, mkunjo wa paja la kushoto uliachana na suruali kama plasta inavyobanduliwa kwenye kidonda, na mtu mzima akabaki pale chini, mkono mmoja umeshika mguu wa cherehani, jasho likimdondoka puani.

Chausiku aliinama kidogo, akavuta hewa, akasimama wima.

"Fundi, unaoza," alisema, sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mchele. "Hiyo ni fangasi ya mikunjo. Mimi ninayo mwaka wa kumi na moja, huja na kuondoka. Harufu yake naijua kuliko harufu ya jiko langu."

"Mama, mimi naoga."

"Nani kakwambia haiwapati wanaooga? Hiyo haitaki uchafu. Inataka unyevu, joto na sukari. Vyote unavyo." Akavua gauni la sare juu ya dera lake, akalikunja, akaliweka mezani. "Kliniki ya sukari ni Alhamisi. Ukija, uje. Usipokuja ni nyama yako."

Akaondoka bila kumpa mkono wa kuinuka. Fidelis alijiinua mwenyewe baada ya muda, kwa kushika cherehani, akisonya. Jioni alimweleza Kristina jinsi wanawake wa sokoni walivyokosa adabu siku hizi. Alieleza kwa kirefu. Hakueleza alikuwa chini anafanya nini.

Jumatano homa ikamshika. Alitetemeka mchana kweupe, blanketi juu, mji mzima ukiwa unajipepea. Kristina hakuomba ruhusa. Alifunua blanketi, akainua kitambi cha mumewe kwa mikono miwili, akachungulia, akakishusha taratibu. Kisha akasema:

"Nilidhani ni panya amefia kabatini. Wiki tatu nahamisha nguo natafuta panya."

"Ni joto tu hili, Mama Glory."

"Kesho twende. Na ukitaka kubishana, bishana na bajaji, nimeshaiagiza ije saa moja."

Kwa hiyo alifika kliniki Alhamisi, akitembea miguu imetanuka kama aliyeshuka juu ya punda. Benchi lilikuwa limejaa. Mtu wa tatu kutoka mlangoni alikuwa Chausiku, na kadi yake ya kliniki ameifungia kwenye mfuko wa nailoni usiingie maji. Alimwangalia Fidelis, akaangalia miguu yake, akasogea kidogo Kristina apate pa kukaa. Fidelis akasimama ukutani, macho juu ya bango linalohusu mbu.

Nesi aliyempokea aliitwa Sabra, binti mdogo mwenye miwani, sawa na umri wa Glory, binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sitaki maneno mengi, mwanangu. Nipe dawa ya homa niende, nina kazi za watu."

Sabra alimchoma kidole. Kipimo cha sukari kikasoma ishirini na moja, karibu mara tatu ya inayotakiwa. Akamwomba alale, akavaa glavu, akainua kitambi chote, akaleta taa karibu. Ndipo Fidelis alipogundua kwamba kwa miaka mitatu, mara chache alizokwenda kwa madaktari, wote walimwambia kutokea upande wa pili wa meza, "punguza uzito, mzee", bila hata mmoja kumgusa. Binti huyu alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mapaja, akaweka kidole pembeni ya wekundu kuona joto linaishia wapi. Hakuziba pua. Fidelis alimtazama usoni akitafuta dalili ya kuchekwa, maana yeye angecheka. Hakuiona, na hilo lilimuudhi kuliko kuchekwa.

"Umepaka nini hapa, baba?"

Akataja. Brashi, sabuni ya mche, spiriti, poda, tyubu mbili za Luqmani. Kwa kila jina Sabra aliandika, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Hiyo tyubu ina dawa inayotuliza muwasho, lakini inailegeza ngozi na kuilisha fangasi. Ukiipaka unaona nafuu, kumbe chini inaenea. Spiriti na brashi vimechana ngozi. Kwenye hiyo michubuko bakteria nao wameingia, ndiyo homa unayoisikia. Na sukari ikiwa ishirini na moja, hata nikupe dawa ya namna gani, wewe unawapikia na kuwapakulia."

Daktari aliitwa, akaandika vidonge vya kuua bakteria vya wiki moja, akapandisha dozi ya vidonge vya sukari, akamwambia wazi kwamba homa isiposhuka ndani ya siku mbili, au wekundu ukivuka mstari, atalazwa. Sabra aliuchora mstari wenyewe kwa kalamu ya wino kwenye ngozi ya fundi, kama fundi anavyochora chaki kwenye kitambaa. Kisha akampa krimu ya fangasi peke yake, isiyochanganywa na kitu. Apake nyembamba asubuhi na jioni, mpaka kuvuka ukingo wa wekundu, na ikishapona aendelee wiki mbili nyingine. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa kiganja, siyo brashi. Akaushe kwa kugusisha taulo, siyo kusugua. Akae mbele ya feni mpaka mkunjo ukauke ndipo apake. Poda aache.

"Na katikati ya mikunjo uweke kitambaa cha pamba kikavu, ngozi isigusane na ngozi. Kikilowa unabadilisha. Kikikaa kimelowa ni kibaya kuliko kutoweka kabisa."

Walipotoka, Kristina akimuuliza nesi mlangoni kama kitambaa cha mikunjoni kinunuliwe kipya, Chausiku alisema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa:

"Asichukue kipya. Kanga iliyochakaa, iliyofuliwa mara mia, ndiyo inayokunywa jasho. Kitenge cha kung'aa hakinywi kitu." Akamgeukia Fidelis kwa mara ya kwanza. "Wewe miaka thelathini unashika vitambaa. Unajua kipi kinanyonya na kipi kinatema. Halafu unaenda kujifunga tetroni na nailoni mapajani kama mzigo wa posta. Mimi sikusoma ushonaji, lakini hilo nililijua mwaka wa kwanza."

Watu wawili watatu kwenye benchi walicheka. Fidelis alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, gunia na kamba na ng'ombe, lakini alikuwa amesimama miguu imetanuka mbele ya watu ishirini, na mstari wa wino tumboni, na kila neno aliloligusa aliliona limemkalia yeye. Akafunga mdomo. Kristina akamshika kiwiko, wakatoka.

Homa ilishuka Ijumaa usiku. Wekundu haukuvuka mstari.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa yoyote. Fidelis hakuweza kuona chini ya kitambi chake, kioo kilimwonyesha nusu tu, kwa hiyo kila asubuhi alilala kitandani kama mtoto wa nepi, Kristina akainua, akatazama, akatoa taarifa. "Kulia kumekauka. Kushoto bado panang'aa. Usijifiche, geuka." Mwanzoni alifunga macho kwa aibu. Kristina alimwambia afumbue, kwa sababu yeye aliyeolewa na mwili huo ndiye mwenye haki ya kufunga macho. Feni iliyokuwa sebuleni ikahamia chumbani. Kanga mbili za zamani zilikatwa vipande, vikafuliwa, vikaanikwa juani na kupigwa pasi, na majirani wakauliza kama nyumba ina mtoto mchanga.

Jambo moja alilifanya vizuri, na hilo tumpe. Alikata bukta za pamba nyeupe, pana, zenye miguu mirefu mpaka katikati ya paja ili paja lisisuguane na paja, akaweka mshono wa pembeni nje ili usiikwaruze ngozi. Alizishona sita. Suruali za tetroni akazitundika. Za pamba alizovaa zilijikunja vibaya, kufika saa nne asubuhi alionekana kama aliyelala na nguo, na mshonaji mwenzake wa kibanda cha pili alimwambia hivyo. Fidelis alimjibu kwamba yeye anaonekana kama asiyelala kabisa. Ulimi ulikuwa umepona kabla ya mapaja.

Vidonge sasa alivimeza kila siku, siyo kwa kuamini, bali kwa sababu Kristina alisimama mbele yake mpaka akameza, akamwambia afungue mdomo. Soda ya saa kumi ilikatwa. Chapati zikawa moja. Alilalamika sana, na kwa ufasaha, na hakuna aliyemsikiliza. Mpaka mwezi wa pili sukari ilikuwa imeshuka mpaka tisa, kilo tano zimeondoka, na pale penye vidonda palibaki baka jeusi. Sabra alimwambia baka hilo litakaa miezi, pengine halitatoka.

"Litakaa chini ya kitambi," alisema Fidelis. "Nani atakwenda kulitazama?"

"Mama atalitazama. Kila siku. Hii kitu ikipona haijaondoka, baba, imekaa inakusubiri usahau."

Chausiku alikuwa hapo siku hiyo pia. Fidelis alimsalimia kwa jina, akamwambia kanga imesaidia. Alisema kwa shida, kama mtu anayetema mfupa wa samaki. Chausiku akaitikia salamu, akauliza hali ya Kristina, na kuhusu kanga hakusema neno. Kushonewa nguo hakurudi tena kwake. Nguo zake zikawa zinashonwa na fundi mwingine wa Mji Mpya, mshonaji wa kawaida tu ambaye mishono yake hupinda.

Mwezi wa tatu Fidelis alipanda Mgeta, kwao, kwenye Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa kaka yake Agustino. Gari lilikwama kwenye tope chini ya kijiji, abiria wakashuka, wakapanda kwa miguu katikati ya matuta ya kabichi. Huko juu kuna baridi, lakini kilo mia na kumi na tatu zikipanda mlima hazijui baridi. Alipofika uwanjani kwa kaka yake, mgongo ulikuwa umelowa, na chini ya kitambi alisikia kitambaa kimeshiba.

Wageni walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, padri akiwa miongoni mwao. Agustino, mkulima mkavu kama ukuni, alimpokea begi, akashangaa ndugu yake anapolifungua palepale na kutoa vipande vitatu vya kanga vilivyokunjwa.

"Hivyo ni vya nini?"

"Vya kitambi. Bafu lako liko wapi siku hizi?"

Agustino alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita shemeji zake waje waone, fundi wa mjini amerudi kuvaa nepi. Mashemeji wakaja, wakacheka nao. Mmoja akauliza kama na chupa ya kunyonyea ameleta.

"Cheka umalize," Fidelis alimwambia. "Una mwili kama fito ya kuegeshea maharage, hata jasho lenyewe halina pa kukaa. Bafu liko wapi?"

Wakamwonyesha kwa kidole. Aliingia kwenye bafu la nyasi nyuma ya zizi la mbuzi, akavua, akajifuta taratibu kwa kugusisha, akasimama mikono juu, kitambi amekiinua, akaacha upepo wa mlima upite kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nje walikuwa wanamwita, chakula kimepakuliwa. Akaweka kitambaa kikavu, akavaa, akatoka. Kile kilicholowa akakisuuza kwenye beseni, akakianika kwenye kamba ya nguo, mbele ya padri na mashemeji na wageni wote, akaenda kukaa.

Agustino alimwekea ugali mkubwa. Fidelis akaukata katikati, akaisukuma nusu kwenye sahani ya kaka yake, akavuta kabichi.